Nchi Yetu ya Mlimani: Ni Njema kwa Nani?

Katika mkoa wetu wa Kilimanjaro hakuna neno lisemwalo mara nyingi kuliko hili, kwamba nchi yetu ni njema. Wala hakuna neno libishaniwalo mara nyingi kulipita. Mmoja husema, "Kwetu kumebarikiwa, atokaye hapa ametoka penye maji." Mwenziwe, naye amezaliwa mgombani vile vile, humjibu, "Kwetu kwapendeza macho, walakini macho hayashibi." Wote wawili ni watu wenye akili zao, na wote wawili wamekuzwa kwa ndizi za mlima mmoja. Basi imekuwaje wasione sawasawa? Sisi tulio walimu tumeyasikia mabishano haya miaka mingi, njiani, sokoni, na katika mikutano ya wazazi. Leo twapenda kuyapanga kwa taratibu, tuone kila mmoja apima kwa kipimo gani.

Kwanza tuwasikilize wazee, kwa kuwa ndio wenye kusifu zaidi. Mzee akitaka kuonyesha wema wa nchi, hakupeleki mbali. Hukuonyesha kihamba chake. Msomaji wa mbali afahamu kwamba kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, alilorithi mtu kwa baba yake, naye baba kwa babu. Juu husimama miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hukaa zizini, huletewa majani. Samadi yake hurudi mgombani, na mgomba humlisha mwenye ng'ombe. Maji hutoka juu msituni kwa mifereji waliyoichimba mababu kwa majembe yao, wakagawana zamu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika kilimo cha namna hii cha Shimbwe Juu miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Mzee asema, "Mmeona? Hata wageni wamejua. Mgomba hauna mwezi wa njaa. Ukikata mmoja leo, mwingine wazaa kesho. Huko tambarare mvua ikikosa mwaka mmoja, watu hulia; sisi twapika mtori."

Tena mzee huhesabu mambo mengine: shule hazi mbali, zahanati zipo, na tangu mwaka 1971 iko hospitali kubwa ya KCMC pale Moshi, ambayo wagonjwa huijia kutoka mikoa mingi. Mwishowe huonyesha kwa fimbo yake mahali walipolala baba na mama yake, kati ya migomba, na kando yao mahali atakapolala yeye. Hapo husema kwa sauti ya chini kwamba mtu ajuaye atakapozikwa si maskini. Maneno hayo si madogo. Yuko mtu mwenye mali nyingi mjini asiyeweza kuyasema.

Lakini kijana akisikia sifa hizi huinuka, na neno lake la kwanza ni kahawa. Yafaa tukumbuke habari yake kidogo. Kahawa ilianza kupandwa mlimani siku za wamisionari wa kwanza, mwisho wa karne ya 19, nayo ikaenea vihambani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU, kilichojulikana nchi nyingi. Baba zetu walisomeshwa kwa kahawa. Mabati ya nyumba zao yalinunuliwa kwa kahawa, na shule nyingi zilijengwa kwa senti zilizokatwa katika kila kilo. Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mapatano ya nchi za dunia ya kugawana masoko ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka vibaya sana. Magonjwa ya mibuni nayo yakataka dawa za ghali. Wako watu waliong'oa mibuni yao wakapanda nyanya na mahindi, au wakaiacha izeeke. Kwa hiyo kijana asema, "Babu, kihamba hiki kilikusomeshea watoto saba. Mimi hakinisomeshei hata mmoja. Nchi unayoisifu ni ile ya zamani." Ni kweli kwamba kituo cha utafiti cha Lyamungu kimetoa mibuni mipya isiyoshikwa upesi na magonjwa, tena iko miaka ambayo bei hupanda. Lakini mbuni hukaa miaka kadhaa kabla ya kulipa, na kijana hana pa kuupanda.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shina la jambo, yaani ardhi. Desturi yetu ya kale yajulikana: mtoto wa kiume wa kwanza hutengewa sehemu yake, na wa mwisho hukaa na wazazi akairithi nyumba na kihamba chake. Na wa katikati je? Zamani baba alimwendea mangi kumwombea mahali patupu, au kijana alifyeka kihamba kipya yeye mwenyewe, kwa kuwa mahali patupu palikuwapo. Siku hizi hapapo. Juu kuna msitu wa hifadhi. Chini kuna ukame na mashamba makubwa. Katikati sisi tumesongamana kama mahindi ghalani. Katika kihamba tulichozaliwa sisi tulikuwa ndugu wanne wa kiume na dada watatu. Wa kwanza alipewa upande wa juu, wa mwisho akabaki na nyumba. Waliokuwa katikati walipewa baraka na nauli. Mmoja wao ana duka Mwanza hata leo, na mwingine alikufa mbali, tukamleta kwa gari la kukodi tukamzika mgombani. Alipokuwa hai hapakuwa na nafasi yake kihambani, alipokufa ilipatikana. Tangu siku ile hatuwezi kusikia nchi yetu ikisifiwa pasipo kumkumbuka.

Dada zetu nao wana neno lao, ijapokuwa mikutanoni husikika mara chache. Mwanamume asemapo kwamba ng'ombe wa zizini ni neema, mke wake hufikiri ni nani aletaye majani. Kihamba kikiwa kidogo majani hayatoshi. Yapasa kushuka shamba la chini, kukata mabua na nyasi, kisha kuupanda mlima na mzigo kichwani. Zamani waliingia msituni karibu kuokota kuni na kukata majani. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikauchukua msitu wote, wala njia za msituni si za kila mtu tena. Sisi hatusemi kwamba ilikuwa vibaya kuulinda msitu. Wazee wengine huona barafu ya Kibo ikipungua wakadhani ndiyo iliyokausha mifereji. Kweli barafu imepungua sana: wataalamu waliopima waliona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu 85 katika kila 100 za eneo lake zilikwisha toweka. Lakini wataalamu husema chemchemi zetu hulishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko na barafu. Msitu ukifa, nasi twafa. Hata hivyo ni haki kukumbuka kwamba gharama ya kuulinda hubebwa kwanza na kichwa cha mwanamke, hali sifa za chemchemi twazipokea sote.

Na katika urithi, binti aliolewa akaenda; akirudi kwa kuwa ameachwa au amefiwa, kaka zake huanza kuhesabu migomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria iko katika kitabu, na mpaka wa kihamba uko mkononi mwa ukoo. Mama mmoja alituambia, "Walimu, mimi naipenda nchi hii. Nimeilima miaka thelathini. Nataka tu kujua kama nayo yanijua." Hatukupata jibu la kumpa.

Tena tusisahau kwamba mkoa si mlima peke yake. Sisi wa migombani hujisahau tukadhani Kilimanjaro ni Machame, Marangu, Kibosho na Rombo tu. Lakini Same na Mwanga pia ni mkoa wetu, nako mtu akisimama tambarare huona vumbi na mkonge na miti ya miiba. Wapare wa milimani wana mvua yao, na mabwawa madogo ya kale yaitwayo ndiva, wanayojaza maji usiku na kuyafungulia mashambani mchana; hulima tangawizi na mboga. Lakini ndugu zao wa chini walinunua maji kwa ndoo miaka mingi, hali bwawa la Nyumba ya Mungu laonekana kwa macho. Mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya bwawa hilo Mwanga na Same ulizinduliwa mwaka 2025 tu. Mwalimu mwenzetu wa Same alipotusikia tukiusifu mkoa kwa wingi wa maji alicheka akasema, "Semeni kijiji chenu. Msiseme mkoa." Tangu hapo tumejifunza kuuliza kila asifuye: umesimama wapi unapoyasema haya?

Liko na kundi jingine ambalo kila msomaji wa huku alijua, nalo ni watu wa Desemba. Hao ni watoto wetu walio Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na ng'ambo. Krismasi ikikaribia barabara hujaa magari, na mabasi hukosa nafasi; hata treni ya abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi, iliyokuwa imekoma miaka mingi, ilirudi Desemba 2019, ikashangiliwa sana. Wiki mbili mlima huchangamka: mbuzi huchinjwa, watoto hubatizwa, ukoo huketi kikao, kanisani watu husimama nje kwa kukosa nafasi. Watu hawa huisifu nchi kuliko hata wazee. Husema, "Hewa gani hii! Maji gani haya! Nikistaafu narudi." Wamejenga nyumba kubwa za matofali na vigae, nasi twafurahi kuziona. Lakini Januari ikifika milango hufungwa. Miezi kumi na moja nyumba ile hukaliwa na mlinzi mmoja, na kihamba chake huota majani, wakati jirani yake ana watoto watano katika chumba kimoja na hana mahali pa kupanda mchicha. Hao wapenda nchi kama mtu apendavyo picha ya mama yake: huitazama kwa machozi, lakini haipikii uji.

Sasa tutazame hesabu kidogo, maana hesabu haina ukoo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,640,087 katika mkoa wetu. Ya mwaka 2022 ilikuta 1,861,934. Yaani kwa kila watu 100 waliongezeka kama 13 na nusu. Tanzania nzima ilikuwa na watu 44,928,923, ikafika 61,741,120; kwa kila 100 waliongezeka 37. Si kwamba tumepatwa na tauni. Sababu moja ni kwamba familia za huku huzaa watoto wachache kuliko mikoa mingine. Nyingine ni kwamba watoto hukua, husoma, kisha huenda. Sisi walimu twaiona habari hii bila sensa. Katika shule yetu madawati ya nyuma hayana mtu, na katika mazishi tunatafuta vijana wa kuchimba kaburi.

Basi mtu aweza kusema, "Mmekwisha jibu. Watu wakienda, nchi si njema." Polepole. Wanaokwenda si wote wanaokimbia. Wengi wao wamekwenda kwa sababu nchi hii iliwafundisha kusoma, kuhesabu na kufanya biashara, na aliyefundishwa kuruka hawezi kulaumiwa kwa kuruka. Wako pia waliobaki kwa furaha, wafugao ng'ombe wawili wazuri wa maziwa na kuuza parachichi, wala hawatamani mji. Na wako waliobaki kwa kukosa nauli. Kwa macho wote wawili wamekaa nyumbani, lakini makao yao si mamoja. Vivyo hivyo kijana apandaye Kibo akiwa mpagazi wa wageni, mzigo mgongoni: mgeni hufika kileleni mita 5,895 akalia kwa furaha, kijana naye humngoja kambini, akahesabu siku zilizobaki ili apate ujira wake. Mlima ni ule ule.

Mwaka jana mzazi mmoja alitujia na shauri. Mwanawe wa pili, mmoja katika watatu, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Akauliza, "Nimwambie akae au aende?" Sisi hatukumjibu upesi. Tukamwuliza naye, "Akikaa, utampa nini?" Akanyamaza kitambo, akasema, "Sijafikiri." Tukamwambia, "Basi hujamwuliza kukaa. Umemwuliza kukutazama tu." Yule mzee hakukasirika. Baada ya miezi alituita tushuhudie. Alikuwa ameketi na wanawe wote na binti yake, akagawa angali hai na akili timamu. Wa kwanza alipata pungufu ya alivyotarajia, na alinung'unika. Wa pili alipata mistari minane ya migomba na ruhusa ya kukilima kihamba cha baba yake mdogo aliye mjini, kwa maandishi, kwa miaka kumi. Binti alipewa sehemu yake kando ya mfereji. Hatujui kama kijana atakaa. Lakini akienda, ataenda kwa kupenda, si kwa kufukuzwa na desturi.

Kwa habari hiyo twaona jibu la mabishano yetu. Watu wa mkoa huu hawatofautiani kwa kuwa mmoja ni mwongo na mwingine mkweli. Hutofautiana kwa kuwa nchi imewapa mafungu yasiyo sawa, na kila mmoja husifu au hulaumu kwa kadiri ya fungu lake. Aliyerithi husifu udongo. Asiyerithi hulaumu bei. Abebaye majani huhesabu hatua, na aliye mbali huhesabu siku za kurudi. Kwa hiyo tusiulize tena, "Je, kwetu ni kwema?" Tuulize, "Ni kwema kwa nani?" Na wa kuulizwa kwanza si mzee mwenye kihamba wala tajiri wa Desemba, bali mtoto wa katikati, na binti aliyerudi, na mtu wa tambarare mwenye ndoo. Hao wakisema ni kwema, ndipo tutakapoamini.

Ninyi wazazi, gaweni mngali hai, tena mbele ya mashahidi, msiwaachie watoto kesi badala ya migomba. Ninyi ndugu zetu wa mijini, kihamba mlichokifunga mpeni jirani akilime kwa maandishi na kwa miaka. Hamtapoteza ardhi, mtapata shamba safi na mlinzi asiyelipwa. Nanyi wazee wa ukoo, msiandike majina ya wana wa kiume tu. Sote twalijua sale, jani tupandalo mpakani kutenga kihamba na kihamba. Jani hilo hilo mtu hulifunga fundo akaenda nalo kwa jirani aliyemkosea, kuomba amani. Wala si desturi kumkataa ajaye nalo. Mababu walitumia mmea mmoja kwa kazi zote mbili. Sisi tumejua sana kuupanda mpakani. Na sasa tuchume jani lake, tumpelekee aliyenyimwa.